Bei ya Nyumba Iliyokwisha Kukaliwa

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa ili wanafunzi walisome tena baada ya kulisikia.

Ndugu mwenye redio, ongeza sauti kidogo ili na walioketi nyuma wasikie. Kila mwenye daftari na afungue ukurasa mpya, aandike juu yake maneno matatu kwa herufi kubwa: JENGO, MAHALI, HAKI. Somo letu zima limo katika maneno hayo matatu.

Leo twazungumza habari za nyumba zinazouzwa mara ya pili. Mtu hujenga, hukaa miaka kadha wa kadha, kisha huuza kwa mwingine. Bei yake ni kiasi gani, na nani anayeijua? Bei ya kilo ya sukari twaijua kabla hatujafika dukani. Nyumba haina bei ya dukani. Nyumba mbili zenye vyumba sawa na bati sawa zaweza kuuzwa kwa bei zilizo mbali mbali kabisa, na wanunuzi wote wawili wakawa hawakupunjwa. Tena nyumba ya tatu yaweza kuuzwa kwa bei rahisi kuliko zile mbili, na aliyeinunua akawa ametupa fedha zake zote. Tutaeleza sababu zake.

Mfano wetu twauchukua Bugwema. Bugwema ni kata katika Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara, pande za Ziwa Viktoria. Upande ule wa Musoma ndiko kwao Wajita, Waruri na Wakwaya. Watu hulima mihogo, mahindi, mtama na pamba, hufuga ng'ombe, na walio karibu na maji huvua samaki. Zamani mtu akihama, nyumba yake ya miti na udongo iliachwa ianguke. Haikuuzwa, maana kila mtu aliweza kujenga nyingine kwa nguvu ya mikono na msaada wa jirani. Siku hizi nyumba ni ya matofali, saruji na bati. Imekula fedha za pamba, za samaki, za mshahara, au za mtoto aliye mjini. Kwa hiyo haiachwi; huuzwa. Na palipo na kuuza pana hesabu.

1. JENGO

Jambo la kwanza katika bei ni jengo lenyewe. Mnunuzi asitazame rangi. Rangi hupakwa kwa siku moja. Atazame kuanzia chini kwenda juu.

Chini ni msingi. Nchi ya Mara ina mawe mengi, na msingi wa mawe uliojengwa kwa saruji hudumu. Lakini ukiona ufa unaopanda kutoka sakafuni mpaka dirishani, jua kwamba msingi umetitia. Ufa mwembamba katika lipu ni jambo dogo. Ufa unaoingia kidole si jambo dogo.

Juu ya msingi ni kuta. Uliza matofali ni ya namna gani. Tofali bichi hulowa na kulika likipigwa na mvua. Tofali lililochomwa vizuri katika tanuri hulia kama chungu ukiligonga. Tena uliza yameunganishwa kwa nini: kwa udongo au kwa saruji? Nyumba mbili zaweza kufanana kwa nje, kumbe moja imeungwa kwa udongo mtupu ndani ya lipu. Tazama kama kuna lenta juu ya milango na madirisha. Nyumba isiyo na lenta hupasuka mapema.

Juu ya kuta ni paa. Hapa pana somo dogo la hesabu linalowadanganya wengi. Unene wa bati hupimwa kwa geji. Tukihesabu mbuzi, 32 ni wengi kuliko 28. Katika geji za bati ni kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko bati la geji 32. Basi muuzaji akikuambia, "Bati langu ni geji 32," usidhani amekusifia bati nene. Kisha panda ngazi utazame kenchi. Gonga mbao kwa kidole. Mchwa hula mbao kwa ndani na kuacha ganda tu. Ukiweza, nenda uitazame nyumba siku ya mvua. Mvua husema kweli kuliko muuzaji.

Mwisho tazama choo, jiko la nje, na njia ya maji ya mvua. Choo kilichojaa ni gharama, maana utachimba kingine.

2. MAHALI

Jambo la pili ni mahali. Jengo laweza kutengenezwa, lakini mahali hapahamishiki.

Nyumba iliyo karibu na barabara ya gari, shule, zahanati, soko na maji ya kunywa hupata wanunuzi wengi. Wanunuzi wakiwa wengi na nyumba chache, bei hupanda. Nyumba iliyo bondeni, ambako wakati wa masika njia hukatika, hupata wanunuzi wachache, hata ikiwa imejengwa vizuri zaidi. Umeme vile vile huongeza bei. Nguzo ikiwa hatua 30 kutoka mlangoni, kuvuta waya ni kazi rahisi. Nguzo ikiwa mbali, ni kazi nyingine.

Huduma zikihama, bei huhama nazo. Kwa miaka mingi ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Musoma zilikuwa Musoma mjini. Kisha zilihamishiwa kijiji cha Suguti. Fikirini wenyewe. Ofisi ikija, huja watumishi, na watumishi hutafuta vyumba vya kupanga. Mama lishe hutafuta banda. Mwenye duka hutafuta mlango unaotazama njia. Ardhi ni ile ile, haikuongezeka hata hatua moja, lakini wanaoitaka wameongezeka.

Lakini wasikilizaji, tofautisheni kitu kilichopo na kitu kinachotajwa tu. Bonde la Bugwema limetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kilimo cha umwagiliaji kwa maji ya Ziwa. Barabara ya Musoma, Makojo hadi Busekera nayo imesemwa sana. Muuzaji hodari atakuambia, "Lami itapita hapa. Maji ya bomba yatafika pale. Ongeza fedha." Labda asema kweli. Ila kama barabara bado haijafika, unalipia tumaini. Tumaini lina bei yake, lakini bei hiyo ni ndogo kuliko bei ya barabara yenyewe. Tena barabara ikija kupanuliwa, nyumba iliyo karibu mno huenda ikawekewa alama ya kubomolewa. Kabla hujalipa, uliza mpaka wa barabara uko wapi.

Katika mahali pia mna ukubwa wa kiwanja. Wengi hupima kwa hatua: "hatua 20 kwa hatua 25." Lakini hatua ya mtu mrefu si hatua ya mtu mfupi. Mpeni mtu mmoja mrefu na mmoja mfupi wapime uwanja wa shule yenu, mtaona wanapata hesabu mbili. Afadhali kutumia futi ya kamba na kuandika mita.

3. HAKI

Sasa twafika kwenye jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Unaponunua nyumba, unanunua nini hasa?

Matofali ni mali ya aliyejenga. Lakini ardhi iliyo chini yake ni ya nani? Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ameshikilia kwa niaba ya wananchi. Msingi wa sheria hiyo ni wa tangu wakati wa Waingereza, mwaka 1923. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere, mwenyeji wa Butiama, jirani hapo, aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Alipinga ardhi kugawanywa iwe mali ya watu binafsi ya kuuzwa na kununuliwa kama bidhaa. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa ardhi wa milele usio na masharti ulifutwa. Kwa miaka mingi sheria ilihesabu kwamba ardhi tupu haina bei. Mtu aliweza kuuza maendelezo tu, yaani nyumba, miti na mazao.

Baadaye mambo mawili yalibadilika. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, nayo yalindwa na Katiba. Kisha mwaka 1999 Bunge lilitunga sheria mbili: Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5. Zilianza kutumika mwezi wa Mei mwaka 2001. Sheria hizi zimekubali kwamba haki ya kukaa juu ya ardhi ina thamani yake. Kwa hiyo siku hizi muuzaji wa nyumba kijijini huuza vitu viwili: jengo, na haki ya kimila ya kutumia kiwanja. Udongo wenyewe haumo katika biashara yao.

Haki hiyo haionekani kwa macho kama bati. Yajulikana kwa watu na kwa karatasi. Basi mnunuzi hapana budi aulize maswali matano.

Swali la kwanza: Mwenye nyumba ana mke au mume, naye ameridhia? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukinunua bila ridhaa hiyo, umenunua nyumba ambayo mke wa muuzaji bado ana haki ya kukaa ndani yake.

Swali la pili: Kama mwenye nyumba amekufa, nani anauza? Si kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Auzaye ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mjane na watoto, wa kike kwa wa kiume, wasikizwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Swali la tatu: Nani walikaa hapa zamani? Wazee watakumbuka Operesheni ya Vijiji. Mwaka 1974 watu wengi wa Mara waliacha miji yao ya asili, wakahamia vijijini na kupewa viwanja. Baadaye wengine walirudi kudai mahame yao. Sheria ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Hata hivyo, uliza wazee wa kitongoji. Ni afadhali kusikia madai kabla ya kulipa kuliko baada ya kulipa.

Swali la nne: Kuna makaburi? Katika nchi yetu wafu huzikwa nyumbani. Jamaa watataka kuyafikia makaburi ya wazee wao. Mkubaliane mapema, mwandike katika mkataba, maana jambo hili limegombanisha watu wengi.

Swali la tano: Halmashauri ya Kijiji imekubali? Mahakama ya Rufani imetamka zaidi ya mara moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali cha Halmashauri ya Kijiji hayana nguvu. Na sahihi ya mwenyekiti peke yake nyumbani kwake jioni si kibali cha Halmashauri. Kibali hutolewa katika kikao, na kikao huandikiwa muhtasari. Mwombe Afisa Mtendaji wa Kijiji akuonyeshe muhtasari huo. Ukitozwa ada yoyote, dai stakabadhi.

MAZUNGUMZO

Sasa mwalimu wa darasa na achague wanafunzi watatu wasome mazungumzo haya kwa sauti. Mmoja awe Mnunuzi, mmoja Muuzaji, mmoja Mke wa Muuzaji.

MNUNUZI: Shikamoo, mzee.

MUUZAJI: Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Nyumba umeiona?

MNUNUZI: Nimeiona, mzee wangu. Ni nyumba nzuri. Bei yake?

MUUZAJI: Milioni kumi na moja. Lakini ukinipa milioni sita leo, kabla ya jua kutua, nakupa ufunguo.

MNUNUZI: Mbona umeshuka upesi hivyo, mzee?

MUUZAJI: Nina haja ya fedha. Nyumba ni yangu, nimeijenga mwenyewe. Usiulize mengi, wako wengine wanaoitaka.

MNUNUZI: Sawa, mzee wangu. Naomba tu nimwamkie mama. Shikamoo, mama.

MKE: Marahaba, baba. Wewe ni mgeni wa nani?

MNUNUZI: Nimekuja kwa habari ya nyumba, mama. Nimeambiwa inauzwa.

MKE: Nyumba ipi? Hii? Mimi nimefyatua matofali yake na kuyabeba kichwani. Sijaambiwa neno.

MNUNUZI: Basi mzee, na mama, mimi naondoka kwa heshima. Zungumzeni kwanza nyumbani. Mkipatana, nitarudi tuende wote kwa Mtendaji.

Haya, ahsanteni. Je, kijana huyu alipoteza bahati? Wengine watasema, "Amekosa nyumba ya milioni kumi na moja kwa milioni sita." Tufanye hesabu tuone.

4. HESABU

Shikeni kalamu. Nambari hizi ni za mfano tu, za kujifunzia. Kila kijiji kina bei zake.

Kwanza jengo. Uliza fundi: kujenga nyumba kama hii leo, kwa saruji na bati za leo, ni kiasi gani? Tuseme fundi amejibu Sh. 10,000,000/=. Lakini nyumba hii si mpya. Tutoe gharama ya kuitengeneza:

Kubadili bati: Sh. 1,200,000/=
Milango na madirisha: Sh. 400,000/=
Choo kipya: Sh. 600,000/=
Sakafu: Sh. 300,000/=
Jumla: Sh. 2,500,000/=

Milioni kumi toa milioni mbili na nusu, jengo ni Sh. 7,500,000/=.

Pili mahali. Uliza viwanja vitupu vya ukubwa ule ule, katika kitongoji kile kile, viliuzwa kwa kiasi gani. Usiulize mmoja tu, uliza vitatu. Tena uliza bei iliyolipwa, usiulize bei iliyotajwa, maana mtu aweza kutaja chochote. Tuseme kiwanja ni Sh. 1,500,000/=. Basi jengo na mahali pamoja:

7,500,000 + 1,500,000 = Sh. 9,000,000/=

Tatu haki. Hapa ndipo wengi hukosea. Wao huidhani haki kuwa kitu cha kujumlisha, kama mlango au dirisha. Husema, "Karatasi hazipo, basi nitapunguziwa kidogo." Wasikilizaji, haki haijumlishwi, haki huzidisha. Kama haki ni kamili, andikeni 1:

9,000,000 × 1 = 9,000,000

Kama muuzaji hana haki ya kuuza, andikeni sifuri:

9,000,000 × 0 = 0

Jengo liwe zuri namna gani, mahali pawe pazuri namna gani, kitu chochote mara sifuri ni sifuri. Yule kijana hakukosa nyumba ya milioni kumi na moja. Aliokoa milioni sita zake. Wala hakumdharau mzee. Alimlinda mama, akamlinda na mzee mwenyewe asije akashtakiwa na wa nyumbani mwake.

5. BEI YA DHIKI NA BEI YA KAWAIDA

Sasa twageuka upande wa muuzaji, maana wengi kati yenu ni wenye nyumba.

Mtu auzaye kwa dhiki hupata bei ya dhiki. Mgonjwa yuko hospitali, au njaa imeingia kabla ya mavuno, au shule zimefunguliwa mwezi wa Januari na sare zadaiwa. Wakati huo wauzaji ni wengi na wenye fedha ni wachache. Nyumba hiyo hiyo, baada ya mavuno au baada ya fedha za pamba kulipwa, ingepata bei nzuri zaidi. Basi kabla ya kuuza nyumba, jiulize: Siwezi kupangisha vyumba viwili? Siwezi kuuza mbuzi, au kukopa katika chama cha kuweka na kukopa? Ukoo umeitwa? Mbuzi huzaa mwingine. Nyumba haizai nyumba.

Vile vile mtu akiuza kwa dhiki kwa milioni nne, jirani asiseme, "Kumbe nyumba zetu hapa ni za milioni nne." Hiyo haikuwa bei ya kitongoji. Na ndugu akimuuzia ndugu kwa bei ya udugu, hiyo nayo isiwe kipimo.

Kuna udanganyifu mwingine, wa shilingi yenyewe. Mtu alijenga nyumba miaka mingi iliyopita kwa Sh. 4,000,000/=. Leo auza jengo lake kwa Sh. 7,500,000/=. Afurahi na kusema, "Nimepata faida ya milioni tatu na nusu." Lakini tumekwisha kuona kwamba kujenga nyumba kama ile leo ni Sh. 10,000,000/=. Akitaka nyumba nyingine ya namna ile, lazima atafute tena Sh. 2,500,000/=. Saruji imepanda, shilingi imepungua nguvu. Basi kabla ya kuhesabu faida, hesabu kwanza utalala wapi kesho.

6. MKATABA

Mkipatana, andikeni. Sheria ya Ardhi yataka mapatano ya kuuza ardhi yawe katika maandishi. Mkataba mzuri haukosi mambo haya: tarehe; majina kamili ya muuzaji na mnunuzi; ridhaa ya mke au mume pamoja na sahihi yake; ukubwa wa kiwanja kwa mita; mipaka ya pande nne na majina ya majirani; habari za makaburi kama yapo; bei kwa tarakimu na kwa maneno; fedha zilizolipwa na zilizobaki; kibali cha Halmashauri ya Kijiji; na mashahidi wa pande zote mbili. Majirani wa mipakani ndio mashahidi bora. Tembeeni nao mpaka kwa mpaka, kutoka mnyaa huu hadi mnyaa ule, mchana na si usiku. Kama kijiji chenu kimekwisha kutoa hati za hakimiliki ya kimila, muuzaji aonyeshe yake, na jina libadilishwe katika masijala ya kijiji.

Kwa nini bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno? Kwa sababu sifuri moja huongezwa kwa nukta moja ya kalamu. Andika "900,000," na mwovu aweza kuifanya 9,000,000. Lakini "shilingi laki tisa tu" haibadiliki upesi.

Hapa ndipo mwaona faida ya kusoma. Asiyejua kusoma hutia dole gumba katika karatasi aliyosomewa na mtu mwingine. Huenda amesomewa yaliyomo, huenda amesomewa yasiyomo. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ugomvi ukitokea? Anzeni kwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo husuluhisha. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 halikati tena shauri la ardhi. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko Musoma. Lakini msikawie. Shauri la kudai ardhi lina muda wa miaka 12. Ukipita, mlango hufungwa.

Haya, wasikilizaji, tazameni tena maneno matatu juu ya ukurasa wenu. JENGO hutazamwa kwa macho. MAHALI hupimwa kwa miguu. HAKI huulizwa kwa watu na kusomwa katika karatasi. Viwili vya kwanza vyajumlishwa, cha tatu chazidisha. Atakayeyashika hayo, awe mnunuzi au muuzaji, awe Bugwema au kijiji kingine, hatapunjwa kwa urahisi.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Bati la geji 28 na bati la geji 32, lipi ni nene zaidi?
2. Taja vitu vitatu katika kijiji chenu ambavyo vimepandisha bei ya nyumba. Je, vipo tayari au vinatajwa tu?
3. Kujenga nyumba fulani leo ni Sh. 8,000,000/=. Matengenezo yake ni Sh. 1,700,000/=. Kiwanja ni Sh. 900,000/=. Muuzaji ana haki kamili. Bei ya haki ni kiasi gani?
4. Katika nyumba ile ile, muuzaji ni mdogo wa marehemu. Mjane na watoto hawajaulizwa, wala hakuna msimamizi wa mirathi. Fanyeni tena hesabu.
5. Kwa nini bei aliyouzia mtu mwenye mgonjwa hospitali isiwe kipimo cha bei ya kitongoji?
6. Andikeni, kila mtu katika daftari lake, mipaka minne ya mahali anapokaa na majina ya majirani wa kila upande. Mwalimu atasahihisha.

Majibu ya swali la 3 na la 4: Sh. 7,200,000/=; na sifuri.